Maswali ya Wasomaji: Mfupa wa Wayo Ukivunjika

Barua zilizotufikia kuhusu mifupa ya mguu zimekuwa nyingi, hata nikaona ni haki kuzipa safu nzima badala ya kuendelea kuzijibu mojamoja kwa mistari michache. Karibu kila barua imeuliza jambo lile lile kwa namna yake: nitapona baada ya wiki ngapi? Ninaelewa sababu ya swali hilo, kwa kuwa mtu aliyezuiwa kutembea huhesabu siku. Hata hivyo wayo mmoja una mifupa 26, na hakuna anayeweza kutaja idadi ya wiki kabla ya kujua ni mfupa upi uliovunjika, umevunjikia sehemu gani, na damu inaufikia kwa kiasi gani. Ninapotumia neno wayo nina maana ya sehemu yote iliyo chini ya kifundo cha mguu, kuanzia kisigino hadi ncha za vidole. Majina ya waandishi nimeyahifadhi.

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 38. Nilikosea kukanyaga ngazi ya mwisho, mguu ukapinduka kwa ndani, nikasikia kitu kikialika. Nilidhani nimeteguka, kwa sababu niliweza kutembea kwa kuchechemea, na kwa siku nne nikawa nauchua kwa maji ya moto. Uvimbe ulipozidi nilikwenda kupigwa picha, nikaambiwa nimevunjika mfupa wa pembeni, upande wa kidole kidogo. Nimepewa kiatu cha tiba chenye soli ngumu na nimeruhusiwa kutembea. Binamu yangu alivunjika mfupa huo huo, lakini yeye alipasuliwa, akawekewa skrubu na kukatazwa kukanyaga kwa wiki sita. Je, mimi nimetibiwa kwa uzembe?

JIBU: Kwa jinsi ulivyoeleza, dada yangu, sioni uzembe. Mfupa ni ule ule, lakini mahali ulipovunjikia huenda si pale pale, na katika mfupa huu tofauti ya sentimita moja au mbili hubadilisha matibabu yote.

Katikati ya wayo kuna mifupa mitano mirefu inayopokea vidole, ambayo wataalamu huiita metatasali. Wa tano ndio ulio upande wa nje. Pitisha kidole chako kwenye ukingo wa nje wa wayo mzima, na karibu katikati ya safari ya kutoka kisigino hadi kidole kidogo utagusa kinundu. Hicho ndicho kitako cha mfupa huo, na hapo hushikilia kano ya msuli unaoshuka kutoka upande wa nje wa muundi. Mguu unapopinduka ghafla kwa ndani, kano hiyo pamoja na tishu nyingine zilizoshika hapo huvuta kwa nguvu, zikabandua kipande cha kinundu. Kipande hicho kina damu ya kutosha, na kwa kawaida hakiendi mbali. Ndiyo maana mgonjwa huruhusiwa kukanyaga kadiri maumivu yanavyomruhusu, akiwa amevaa kiatu kigumu au buti la tiba, na wengi huwa na nafuu kubwa katika wiki sita hadi nane. Usishtuke ikiwa picha ya baadaye itaonyesha ufa bado upo wakati wewe huna tena maumivu, kwa kuwa picha mara nyingi huchelewa kuliko mfupa wenyewe.

Mbele kidogo ya kinundu hicho, pale kitako kinapoungana na mwili mrefu wa mfupa, hali ni nyingine kabisa. Mishipa ya damu inayokilisha kitako na ile inayoulisha mwili wa mfupa hukutana hapo ikiwa imekwisha nguvu, sawa na mifereji miwili inayofika shambani kutoka pande mbili na kuacha ukanda mkavu katikati. Mfupa uliovunjika katika ukanda huo huunga polepole, wakati mwingine hauungi kabisa, na ukiunga unaweza kuvunjika tena. Daktari wa upasuaji Robert Jones, aliyefanya kazi Liverpool, aliueleza mvunjiko wa namna hii mwaka 1902, na miongoni mwa wagonjwa aliowaandika alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa aliumia alipokuwa akicheza dansi. Mpaka leo mvunjiko huo unaitwa kwa jina lake. Anayeupata kwa kawaida hukatazwa kukanyaga kwa wiki sita hadi nane, au huwekewa skrubu, hasa akiwa mwanamichezo au mtu ambaye kazi yake haiwezi kusubiri. Nadhani binamu yako alikuwa wa kundi hili. Mwulize daktari wako swali moja tu: je, umevunjikia kwenye kinundu au mbele yake? Jibu lake litakutuliza kuliko maelezo yangu yote.

Kuhusu zile siku nne, nataka kusema waziwazi, kwa sababu barua nyingi zina kosa hilo hilo. Kuweza kutembea hakuthibitishi kwamba mfupa ni mzima. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walichapisha kanuni ambayo sasa hutumiwa katika vyumba vya dharura vya nchi nyingi. Mtu mwenye maumivu katikati ya wayo apigwe picha ikiwa anaumia anapobonyezwa kwenye kile kinundu nilichokitaja, au kwenye mfupa wa navikula ulio juu ya upinde upande wa ndani, au ikiwa hakuweza kupiga hatua nne mara tu baada ya kuumia na bado hawezi anapofika hospitali. Linatosha moja kati ya hayo. Wewe ulitembea, lakini ungebonyezwa kwenye kinundu siku ya kwanza ungepelekwa kupigwa picha siku hiyo hiyo. Kuchua na kukanda kwa maji ya moto katika siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe mahali palipoumia, na mfupa uliovunjika ukichuliwa unaweza kusogea. Siku hizo zinahitaji kupumzisha mguu, kuuinua, na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza, kwa ajili ya wale wanaosoma wakiwa na wayo uliovimba na jibu la kwamba wameteguka tu. Tazameni chini ya unyayo. Mkiona doa la damu iliyovilia katikati ya unyayo, na kusimama kwa ncha za vidole kukawa hakuwezekani, rudini hospitali na muombe kupimwa upya. Dalili hizo huashiria kuumia kwa maungio yaliyo kati ya mifupa ya metatasali na mifupa midogo iliyo nyuma yake, mahali panapoitwa kwa jina la Lisfranc, daktari mpasuaji wa Ufaransa wa zama za Napoleon. Jeraha hili hupita bila kuonekana kwenye picha iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala, kwa sababu nafasi kati ya mifupa hupanuka tu uzito unapowekwa juu yake. Madaktari huomba picha ya mgonjwa akiwa amesimama, au kipimo cha CT au MRI. Likiachwa bila matibabu, upinde wa wayo hulala na ugonjwa wa baridi yabisi ya maungio hufuata.

SWALI: Nilijikwaa kwenye mguu wa kitanda na kidole cha nne kimevunjika. Hospitali wamenifungia kidole hicho na kidole cha jirani kwa plasta ya kubandika, basi. Ni kweli kwamba hakuna tiba nyingine?

JIBU: Ni kweli, na tiba hiyo inatosha. Kidole cha jirani ndicho gango lako. Weka pamba au kitambaa chembamba kati ya vidole hivyo ili ngozi isiloe na kuchubuka, badilisha plasta inapolowa, na vaa kiatu kipana chenye soli ngumu kwa wiki nne hadi sita. Kidole gumba ndicho kisichopaswa kuchukuliwa kwa wepesi, kwa kuwa hubeba sehemu kubwa ya uzito tunaposukuma ardhi kwa kila hatua. Kidole kilichopinda, kilichochanika ngozi juu ya mvunjiko, au chenye damu iliyojaa chini ya ukucha uliong'oka nusu, nacho kirudi kwa daktari.

SWALI: Ninajiandaa kwa mbio ndefu na kwa wiki tatu ninasikia maumivu juu ya wayo, nyuma kidogo ya kidole cha pili. Sikuanguka wala sikujikwaa. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kocha anasema nipunguze kasi kidogo na kuendelea. Nina umri wa miaka 22, na ni msichana.

JIBU: Mdogo wangu, kwa heshima yote kwa kocha wako, simama kukimbia leo. Maelezo yako yanalingana na ufa wa uchovu, yaani mfupa uliovunjika kidogokidogo kwa kubeba mzigo mwingi kuliko uwezo wake wa kujikarabati. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa kila siku. Mazoezi yakiongezwa haraka, ubomoaji hutangulia ujenzi, na ufa mwembamba hutokea bila ajali yoyote. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembea masafa marefu. Hakuwa na njia ya kuona ndani, kwa kuwa Röntgen aligundua miale ya eksirei miaka 40 baadaye, mwaka 1895, na hapo ndipo ilipobainika kwamba mifupa ya wale askari ilikuwa imepasuka. Mfupa wa pili na wa tatu wa metatasali ndiyo inayopasuka mara nyingi zaidi.

Picha safi haimaanishi mfupa mzima. Katika wiki mbili au tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haioni ufa wa uchovu, na kinachoonekana baadaye ni ukungu wa mfupa mpya unaojengwa kuuzunguka. Kipimo cha MRI huuona mapema. Ikiwa huwezi kukipata, daktari anaweza kukutibu kwa kufuata dalili na kurudia picha baada ya wiki mbili hivi. Tiba yenyewe kwa kawaida ni kuacha kukimbia kwa wiki nne hadi nane, ukitembea kwa kiatu kigumu ikiwa kutembea kunauma, na kuogelea au kuendesha baiskeli ikiwa hakuumi.

Ninapouliza swali linalofuata ninauliza kwa nia njema: je, hedhi yako inakuja kila mwezi kama kawaida? Mwanamichezo anayekula pungufu ya anachotumia, hata bila kukusudia, anaweza kukatika hedhi, na mifupa yake hupoteza uimara kimyakimya. Wavulana nao hupatwa na upungufu huo, ila hawana dalili iliyo wazi kama hiyo. Ikiwa hali ndiyo hiyo, mwambie daktari. Ufa ukitibiwa na chanzo kikaachwa, mwingine utatokea. Nakuomba pia ujibonyeze juu ya upinde wa wayo, upande wa ndani. Maumivu ya hapo yanaweza kuwa ya mfupa wa navikula, ambao huunga kwa shida na huhitaji plasta bila kukanyaga kwa wiki sita au zaidi. Hapo hapana nafasi ya kupunguza kasi kidogo na kuendelea.

SWALI: Mume wangu amefungwa plasta ngumu, hii ambayo wengi huiita hogo, kuanzia chini ya goti hadi kwenye vidole. Amekatazwa kukanyaga. Tumeambiwa turudi baada ya wiki mbili na hakuna aliyetueleza la kufanya nyumbani. Usiku halali, na kwapa zinamuuma kwa sababu ya magongo.

JIBU: Mama, anza na kutokulala kwake. Katika siku mbili tatu za mwanzo mguu unapaswa kuwa juu ya usawa wa moyo kwa muda mwingi iwezekanavyo, na kuuweka kwenye kiti akiwa ameketi hakufikishi usawa huo. Alale chali, mguu uwe juu ya mito miwili au mitatu. Wengi hulala usingizi usiku wa kwanza wanapofanya hivyo. Avichezeshe vidole vilivyo wazi kila saa akiwa macho.

Wewe uwe mlinzi wa vidole hivyo. Vikiwa vya baridi, vyeupe au vya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya kumeza dawa na kuinua mguu, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Inawezekana uvimbe umebana ndani ya plasta mpaka damu haipiti, na misuli inaweza kufa kwa saa chache. Nenda vilevile ikiwa plasta imelowa, imepasuka au inatoa harufu mbaya. Maumivu ya ndama ya mguu, kifua kuuma au kuhema kwa shida ni dalili za damu iliyoganda kwenye mshipa na huenda imesafiri hadi kwenye mapafu, na hiyo ni dharura. Kijiti au sindano ya kufumia visiingizwe ndani ya plasta kukuna muwasho, kwa kuwa mkwaruzo usioonekana hugeuka kidonda. Hewa ya baridi ya kikausha nywele husaidia.

Kwapa zinamuuma kwa sababu ananing'inia juu ya magongo. Yapunguzwe urefu mpaka nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki kati ya kwapa na gongo, viwiko vikunjwe kidogo, na uzito uende kwenye viganja. Kwenye ngazi, anapopanda atangulize mguu mzima, na anapoteremka atangulize magongo pamoja na mguu mbovu. Kama anavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na huchelewesha mfupa kuunga, na nimewaona wagonjwa waliofanya kila walichoagizwa isipokuwa hilo moja.

SWALI: Nilivunjika mifupa miwili ya katikati ya wayo. Plasta imetolewa baada ya wiki saba na daktari akasema mfupa umeunga. Lakini wayo unavimba kila jioni, ngozi inabanduka, ndama imekonda kama ya mtoto, na nikikanyaga nasikia maumivu hata sehemu ambazo hazikuvunjika. Nina hofu kwamba mfupa haujaunga au nimedanganywa. Nina umri wa miaka 45.

JIBU: Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Siku ya kutolewa plasta watu wengi hutarajia kurudishiwa mguu wao wa zamani, na wanapokuta mguu mwembamba, mgumu na wenye kuuma hukata tamaa, ilhali walichopewa siku ile ni ruhusa ya kuanza kazi.

Mfupa ulipovunjika, damu iliganda mahali pa ufa, na katika siku za mwanzo seli za mwili zilifika kusafisha vipande vilivyokufa. Ndani ya wiki mbili au tatu kulikuwa na daraja laini la gegedu, linaloshika lakini lisilobeba. Kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili daraja hilo hujazwa madini na kuwa mfupa mgumu, ila ni mfupa wa haraka, mnene na usiopangika. Kazi ya kuuchonga upya ufuate njia za mzigo huchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, na kanuni hiyo ndiyo inayotuongoza tunapowaambia wagonjwa wakanyage. Kwa hiyo daktari alisema kweli kwamba mfupa umeunga, na wewe unasema kweli kwamba bado hujapona.

Uvimbe wa jioni unatokana na damu inayoshuka kwenye wayo ambao misuli ya ndama, iliyokuwa ikiisukuma kurudi juu, imekonda kwa kukaa wiki saba bila kazi. Unaweza kuendelea kwa miezi mitatu hadi sita, na kwa wengine zaidi, ukipungua taratibu. Inua mguu mchana mara kadhaa, na mwulize daktari kuhusu soksi ya kubana. Ngozi inayobanduka ni ile iliyokuwa imejilimbikiza ndani ya plasta. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, ipake mafuta, usiikwangue. Maumivu ya sehemu zisizovunjika ni ya maungio yaliyokakamaa, na hapo dawa ni mwendo.

Anza ukiwa umeketi. Andika herufi za alfabeti hewani kwa ncha ya kidole gumba, asubuhi na jioni, ili kifundo kizunguke pande zote. Tandika taulo sakafuni na ulikunje kwa vidole mpaka lije kwako. Zungusha kitambaa kirefu chini ya wayo, nyoosha goti, na ukivute kuelekea kwako kwa sekunde 30 ili ndama inyooke. Hayo yakiwa mepesi, simama umeshika meza na uinue visigino vyote viwili, kisha, baada ya wiki kadhaa, kisigino cha mguu ulioumia peke yake. Maliza na kusimama kwa mguu mmoja, kwa kuwa uwezo wa wayo kujua ulipo bila kuutazama hupotea ndani ya plasta, na asiyeurudisha huteguka kirahisi.

Kama umeambiwa uongeze uzito kidogokidogo na hujui kidogo ni kiasi gani, tumia mizani ya kupimia uzito wa mwili. Weka wayo ulioumia juu ya mizani na mwingine juu ya kitabu chenye unene sawa, kisha egemea mpaka mizani isome robo ya uzito wako. Mwili hujifunza kiasi hicho baada ya mara chache, na wiki inayofuata utaegemea mpaka nusu, ikiwa mtaalamu wako wa tiba ya viungo ameafiki. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo yametulia kufikia kesho asubuhi. Ukiamka wayo ukiwa umevimba na unauma kuliko jana, jana ulizidisha, basi rudi hatua moja nyuma kwa siku mbili. Wengi hufanya kosa katika siku nzuri. Mtu anaamka bila maumivu, anatembea mchana kutwa kwa furaha, na wiki nzima inayofuata anaipoteza. Ukiweza, ingia kwa mtaalamu wa tiba ya viungo angalau mara mbili au tatu ili akuonyeshe mazoezi hayo kwa macho yake.

Yapo mambo mawili yatakayonifanya nikurudishe kwa daktari mapema. La kwanza ni maumivu ya kuchoma mahali pale pale palipovunjika, yanayozidi kadiri unavyokanyaga na yasiyopungua wiki baada ya wiki, kwa kuwa hapo kweli huenda mfupa haujaunga. La pili ni wayo unaoungua kama moto, unaobadilika rangi na kutoka jasho kuliko mwingine, na usiovumilia hata kuguswa na shuka. Hii ni hali ya mishipa ya fahamu inayoendelea kupiga kelele baada ya jeraha kupona, na ikitibiwa mapema hutulia vizuri zaidi kuliko ikicheleweshwa. Usikubali kuambiwa kwamba unajidekeza.

SWALI: Mwanangu daktari, nina umri wa miaka 67 na nina kisukari kwa miaka 18. Wayo wa kushoto umevimba kwa wiki mbili, ni mwekundu na una joto ukilinganisha na wa kulia. Hauniumi sana, kwa hiyo natembea kama kawaida. Sikumbuki kujigonga. Binti yangu ananisumbua niandike.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Binti yako amefanya jambo jema sana, na ninaomba umkubalie jambo moja zaidi, nalo ni akupeleke hospitali leo hii.

Katika barua zote za safu hii, yako ndiyo iliyo na maumivu madogo kuliko zote, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, na mtu anaweza kuvunjika mfupa bila kusikia. Kwa kuwa hasikii huendelea kutembea, na kila hatua huponda mfupa uliokwisha kudhoofika, mpaka upinde wa wayo unaporomoka na unyayo kugeuka mviringo kwa chini. Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza mwaka 1868 namna maungio yanavyobomoka pale mishipa ya fahamu ikiharibika, na hali hii inaitwa mguu wa Charcot kwa ajili yake. Hata ile kanuni ya hatua nne niliyomweleza mwalimu hapo juu haikufai wewe, kwa sababu inategemea maumivu.

Hali hii mara nyingi hudhaniwa kuwa ni jongo au maambukizi ya ngozi, na kwa kweli maambukizi nayo yanawezekana kwako na ni ya hatari vilevile. Mwambie daktari maneno haya: nina kisukari, wayo mmoja umevimba na una joto, sina maumivu makubwa, nataka kuhakikishiwa si mguu wa Charcot. Akupime joto la nyayo zote mbili, kwa kuwa tofauti ya zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi ina maana kubwa. Picha ya kwanza inaweza kuwa safi, na usikubali kuruhusiwa kutembea kwa sababu hiyo tu. Tiba ni plasta maalumu inayoshika wayo wote na kugawanya uzito, kwa miezi kadhaa, mpaka joto la nyayo mbili lilingane.

Kuanzia unaposoma mstari huu, mzee wangu, usiukanyagie wayo huo. Keti, uinue, na binti yako atafute gari litakalofika mpaka mlangoni.